Ukoko Ni wa Aliyemenya

Vijana, haya nayaandika nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha pipa la maji, hapa nyuma ya nyumba yangu Kamuli, na kila nikimaliza mistari michache naenda kuchungulia kama moto wa mke wangu unawaka vizuri. Unawaka. Haunihitaji. Leokadia akiniona mlangoni ananyanyua mwiko, nami narudi kwenye pipa langu kimyakimya.

Mtu aliyepika shule ya bweni karibu maisha yake yote hajui kukaa. Jikoni kwetu viti vilikuwa ndoo zilizopinduliwa, na hata hizo walikalia wageni. Tulikula tumesimama, tulikunywa chai tumesimama, na nimewahi kumwona mwenzangu mmoja anasinzia kasimama, kaegemea mwiko wa ugali ulio mrefu kama mpini wa jembe. Sasa nimestaafu. Nimenunuliwa kiti cha plastiki chenye mikono na nimeambiwa, "Baba, pumzika." Nikapumzika asubuhi moja, ikatosha.

Nawaandikia ninyi mlioyashika masufuria niliyoyaacha, na wengine wenu mnaotaka kuingia kazi hii. Nilikusudia kuwapangia mambo vizuri: kuni, maharage, chumvi, namna ya kugawa nyama siku ya sikukuu bila kuzomewa. Lakini kila nikianza, kichwa kinanitoroka kinakwenda Nyakakika, kwa shangazi yangu Pelagia. Huyu ni dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea, na mwaka huu aliacha kula. Kwa hiyo mtavumilia, mtapata kila kitu katika chungu kimoja.

Nilipelekwa kwa shangazi nikiwa mdogo kwa sababu kwake shule ilikuwa karibu. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba hadi huoni kwa jirani, na jiko lilikuwa kijumba cha pembeni chenye moshi usiokatika. Chakula chenyewe hakikuwa na la kujivunia. Ndizi, maharage, chumvi na maji. Mvua zikianza tulipata uyoga, na jirani mfugaji akifurahi tulipata samli ya kudondoshea juu. Siku nyingine viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu, unavipiga piga mkononi kuvipoza huku unakimbia shule. Nyama ilikuwa habari ya Krismasi.

Lakini ngojeni niwaambie alivyopika. Maharage aliyatanguliza mpaka yakaanza kulegea. Kisha akapanga ndizi juu yake, nzimanzima, akaongeza maji kidogo, akafunika kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yakalainika. Aliyagandamiza pembeni kwa viganja vyake, moto haumuunguzi, akaweka kifuniko. Baada ya hapo chungu hakifunuliwi. Shangazi alichambua maharage ya kesho, alifagia, alimsema mtu, hata hakukitazama. Kisha katikati ya sentensi alinyamaza, akanusa, akasema, "Tayari." Ilikuwa tayari kweli.

Sasa, pale kwa shangazi kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Kuchagua na kukata mkungu ilikuwa kazi ya mwanaume. Mumewe aliingia shambani na panga, akarudi na mkungu begani, akautua mlangoni pa jiko, na mpaka wake ukaishia hapo. Shangazi aliutazama ule mkungu kama askari anavyomtazama mwizi. "Huu ulikuwa bado." Au, "Huu umeuchelewesha." Mumewe alikwenda zake akicheka. Kuanzia kumenya mpaka kupakua ilikuwa kazi ya wanawake, yeye na binti zake wakubwa. Sisi wavulana tulikula nyumba kubwa pamoja na wanaume, tumezunguka jani moja pana, na tuliletewa zile ndizi laini za juu.

Mtasema tulipendelewa. Mimi nasema tulipunjwa. Chini ya chungu kulikuwa na ukoko. Ndizi zilizoshika chungu zikawa rangi ya kahawia, maharage yamejipachika humohumo, ngumu kwa nje, tamu, zina moshi ndani yake. Shangazi aliukwangua kwa kipande cha kibuyu akawagawia binti zake, nao waliketi mkekani karibu na mafiga, wamenyoosha miguu, wanatafuna taratibu na kunitazama kwa makusudi. Niliomba siku zote, na jibu lilikuwa lile lile.

"Ukoko ni wa aliyemenya."

"Basi nipe kisu nimenye, shangazi."

"Toka hapa! Watu waseme nimemgeuza mtoto wa kaka yangu? Kazi yako ni mkungu. Nenda ukamsaidie baba kubeba mkungu."

Nikaenda. Nilibeba mikungu mpaka nikawa na sugu begani. Lakini kubeba si kuchagua, na hilo mlikumbuke, maana litarudi.

Nimeenda kuchungulia tena. Leokadia anapika mboga za maboga, na kaweka maji mengi mno. Sikusema kitu. Nimejifunza.

Kazi ya kupika niliipata kwa mlango wa uani. Shule ilitaka mtu wa kupasua kuni, nikaenda. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Ismaili, mtu wa Kayanga mjini, ambaye babu zake walitoka pwani wakafungua hoteli ya chai na maandazi. Kwao mwanaume kupika hakukuwa na ajabu hata chembe. Siku moja msaidizi wake hakutokea, akanitazama mimi na shoka langu, akasema, "Wewe, unajua kunawa mikono? Njoo." Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Mzee Ismaili alikuwa mpole mpaka umguse kwenye chumvi. Wiki zangu za mwanzo, nilitia chumvi kwenye maharage ya shule nzima, nikaona nimefanya jambo la maana. Mwenzangu naye, aliyetoka kuchota maji, akatia. Watoto wa bweni siku ile walikunywa maji mpaka bomba likakauka, na mwalimu wa zamu alikuja jikoni ametoa ulimi nje kutuonyesha. Mzee Ismaili hakupiga kelele. Alichukua mfuko wa chumvi, akauning'iniza shingoni mwake kwa kamba, akatembea nao hivyo mpaka mwisho wa muhula. Tangu hapo, katika jiko lolote nililoliongoza, chumvi ilikuwa na mtu mmoja anayejulikana. Fanyeni hivyo hivyo. Na msiitie kabla maharage hayajalainika, yatawashupalia mpaka jioni. Na muyachambue juani, si chini ya paa, kwa sababu jiwe la huku kwetu lina rangi ya harage na lina jino la mtu mawazoni.

Alinifundisha pia kukaanga vitunguu, kuunga, kupika pilau la sikukuu. Nikawa mpishi kweli. Yale majiko ya mafiga yakaondoka, yakaja ya kujengewa yasiyokula kuni nyingi, baadaye gesi kwa ajili ya chai. Nikapikia watoto ambao baadaye walileta watoto wao. Na ukoko? Nilikula ukoko wa ugali, wa wali, wa kila sufuria. Wanafunzi walipanga foleni dirishani kuuomba. Nilikula mpaka nikaota kitambi, lakini kila mara nilihisi nimejichukulia kitu kisicho changu.

Kwa sababu nyumbani, vijana, sikuwa mpishi. Shangazi aliwaambia majirani, "Projesti yuko shuleni." Basi. Hakuongeza neno. Nikienda kumtembelea watu wa Nyakakika waliniamkia, "Shikamoo mwalimu," na shangazi alitazama pembeni, akawaacha waamini. Siku moja nilimwambia, "Shangazi, leo acha nikupikie mimi." Akacheka, akanijibu, "Hapa kuna wanawake." Nilicheka kama yeye alivyocheka, lakini iliniuma. Miaka yote ile nililishwa na mikono yake, nami nilitaka ale cha mkono wangu mara moja tu, ajue nilikuwa nafanya nini huko duniani.

Basi mwaka huu, wakati nahangaika na kiti changu cha plastiki, simu ikaita. Alikuwa Jesca, mke wa mtoto wa mwisho wa shangazi, ndiye anayekaa naye.

"Shemeji, mama amegoma kula."

"Anaumwa?"

"Tumempeleka hospitali. Wamesema hana ugonjwa, ni uzee tu, ila asipokula atatuacha. Uji anaonja, anasukuma. Supu, anasukuma. Nimempikia mpaka wali. Anasema chakula ni kizuri, mpeni mwenye njaa."

Nilikuwa nimeshatafuta viatu. Leokadia aliniuliza nitakwenda kufanya nini, maana mtu mzima akikataa chakula amekataa. Nikamwambia nitampikia. Akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akaingia ndani akatoka na mfuko wa maharage ya shambani kwake. "Haya yanaiva upesi," akasema. "Na usifunue funue chungu, nakujua." Nikaunganisha magari, nikamalizia na pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

Shangazi alikuwa amelala kitanda cha chumba cha uani, karibu na jiko. Alikuwa amepungua, vijana. Mwili ulikuwa umebaki kidogo sana chini ya shuka, ila sauti ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Basi nisalimie ukae. Unanizungushia kichwa."

Nikakaa. Nikasimama. Alinipa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa anazowekewa mgeni, na yeye mwenyewe alikuwa na moja kwenye shavu. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake havikuwa na uzito wowote. Niliogopa. Sisemi nilisikitika, nasema niliogopa, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya gulio. Nikamwambia Jesca aende, mumewe alikuwa amesafiri na watoto wako shule.

"Nani atampikia mama?"

"Mimi."

Akashika kiuno. "Waitu, shemeji! Watu watasema nini? Nimeacha mwanaume jikoni nikaenda kuzurura?"

"Jiko lina ukuta. Nenda."

Akaenda, anageuka geuka njiani mpaka migomba ikamficha.

Nikachukua panga nikaingia shambani. Hapa niwaambie hali ya kile kibanja. Ule ugonjwa wa mnyauko ulipopita uliiangusha migomba ya zamani, ikang'olewa, ikachomwa, na ikapandwa mingine kutoka huku na kule. Mingi ya sura zile mimi sikuijua. Lakini je, mpishi mkuu mstaafu aulize? Amuulize nani, na kwa mdomo gani? Nikaona mkungu mmoja mnene, vidole vimejaa, uko hatua chache kutoka mlangoni kana kwamba uliwekewa mimi. Nikaukata, nikaubeba kwa lile bega langu la zamani, nikautua mlangoni. Sikusikia mtu wa kuukosoa, nikaona nimefaulu.

Nikaingia upande wa pili wa mpaka, nikamenya. Utomvu ulikuwa mwingi ajabu, unanata, umeniganda hadi kwenye viwiko. Nikasema ni mvua za juzi. Nikatanguliza maharage ya Leokadia, nikapanga ndizi, nikapitisha majani motoni, nikafunika kama nilivyokumbuka. Halafu nikatakiwa kusubiri.

Hapo ndipo kazi ya shule ilipoharibu mtu. Shuleni chakula cha watu wengi hakiachwi, unageuza, unaonja, unaongeza maji, unageuza. Nilifunua. Nikafunika. Nikazunguka jiko, nikafagia palipofagiliwa, nikafunua tena.

"Jesca!" sauti ikatoka chumbani. "Mbona unafunua funua chungu?"

Nikarudisha kifuniko upesi. Moshi ukanipata, nikakohoa.

"Na kikohozi cha kiume umekipata wapi?"

Nilibana pumzi mpaka machozi yakatoka. Nilichoma uma kwenye ndizi, ikawa ngumu. Nikaongeza kuni. Ngumu. Nikaongeza maji, maharage yakaanza kupasuka, ndizi imekaa tu inanitazama. Mwisho nikapakua hivyo hivyo, nikaweka juu ya jani bichi, nikamwinua shangazi nikamwegemeza ukutani, nikamwekea mbele yake.

Alichukua kipande, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha. Uso wake ukajikunja kuanzia kwenye pua.

"Nani amekata mkungu huu?"

"Mimi, shangazi."

"Nani amemenya?"

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa myeusi kwa utomvu mpaka kwenye viwiko. "Mimi."

"Na aliyepika?"

"Ni mimi."

Akatema kile kipande kiganjani, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mawe!" akasema. "Mtoto wa kaka yangu amekuja kutoka Kamuli, amenipikia ndizi za pombe."

Ndizi za pombe, vijana! Zile zinazoivishwa na kukamuliwa rubisi! Ni chungu, zinakausha ulimi, haziivi hata ukizipikia juu ya jua lenyewe. Huku kwetu mtoto mdogo anayetumwa shambani anazijua. Nilitaka ardhi ya Nyakakika inimeze pamoja na chungu.

Shangazi alianza kutikisika. Nikadhani ni homa, nikamshika. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu sauti ikaja, halafu akakohoa, akapumzika, akaanza upya.

"Miaka yote unapika shule," akasema akijifuta macho. "Watoto wa watu walikuwa wanaingia darasani wamelewa?"

"Ulijua napika?"

"Nilikuwa mjinga? Ulikuwa unakuja hapa unanuka vitunguu." Akainamia lile jani. Akaanza kuokota maharage, moja moja, akiyakung'uta yasiguse ndizi, akala. Akaokota tena. "Maharage hayana kosa," akasema.

Sikumbuki kama Mzee Ismaili aliwahi kunisifu, lakini hata angenisifu mbele ya shule nzima, sifa hiyo isingenifika pale hili liliponifika. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni. Niliporudi alikuwa amekwisha shusha miguu kitandani.

"Niinue. Twende shambani."

"Shangazi, huwezi."

"Hapana, wewe ndiye huwezi, tumeona. Niinue."

Tulikwenda, mimi nimemshika kwapani, yeye ana fimbo. Tukasimama kila baada ya mgomba mmoja. Aligusa vidole vya ndizi, akakwaruza ganda kwa ukucha, akapaka utomvu kwenye ncha ya ulimi, akatema. "Pombe." Mwingine. "Bado." Mwingine. "Huu wangeukata juzi." Maisha yake yote hakuwahi kuchagua mkungu, alikuwa anapokea ulioletwa na kuukosoa. Kumbe katika kukosoa alikuwa anachagua. Alifika kwenye mgomba mmoja uliojificha nyuma ya mti wa kahawa, mkungu wake mdogo, hauvutii hata kidogo, akaonja, akanyamaza, akaonja tena.

"Huu. Kata."

Nikakata. Nilitaka niingie nao jikoni haraka, akanizuia kwa fimbo. Akasema jikoni kuna moshi na yeye anataka kuona ninavyomenya. Basi nikamtandikia mkeka mlangoni, akaegemea ukuta wa jiko, nami nikapindua ndoo, mchana kweupe, uwanja umefagiliwa, njia ya majirani inapita pale pale. Mnaelewa alichokuwa ananiomba. Mikono yangu iliyomenya magunia ya viazi ikashika kisu kama ya mtu anayeiba.

Na kweli akapita jirani, mama mmoja na kikapu, anatoka gulioni. Akasalimia, akatupa jicho, akasimama.

"Mwalimu anafanya nini hapo?"

Nikaacha kumenya. Nilitazama chini. Nilijua jibu la shangazi lingekuwa mzaha, au kwamba Jesca kanituma nijaribu tu makali ya kisu, au kwamba kuna wanawake.

"Si mwalimu," shangazi akasema. "Ni mpishi. Ananimenyea ndizi zangu. Haya, pita, jua kali."

Yule mama akapita, na nadhani kufikia mchana Nyakakika nzima ilikuwa inajua. Nikaendelea kumenya. Nilimenya vibaya, nilikuwa sioni vizuri.

Safari hii chungu hakikufunuliwa. Shangazi aliushika mwiko mwenyewe, kila nikisogea jikoni ananipiga nao kwenye ugoko. Nilizunguka uwanja. Nilikwenda kwenye ule mti wa kahawa, nikarudi. Nilipanga kuni kwa ukubwa. Niliuliza, "Sasa?" Akasema bado. Niliuliza tena, akaniambia nikinyamaza zitaiva. Jesca akarudi, akamkuta mama mkwe wake nje, juani, anawasema watu, akaweka kikapu chini akajishika mdomo.

Kisha shangazi, katikati ya kumuuliza Jesca bei ya samaki, akanyamaza. Akanusa.

"Tayari," akasema.

Alikula. Si sana, nisiwadanganye, mtoto wa chekechea angekula zaidi. Lakini alikula ndizi, akarudia, akalamba kidole, akasema chumvi imezidi, akala tena. Jesca alikuwa analia waziwazi, anasingizia moshi wa jiko lililokwisha zimwa. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika fremu, sina kazi ya mikono.

Wala sisemi kwamba alipona. Kesho yake alikataa tena, keshokutwa akala, ndivyo anavyokwenda mpaka leo hii. Nakwenda Nyakakika kila ninapoweza, anachagua mkungu kwa fimbo, namenya. Naogopa simu ikiita asubuhi. Leokadia anasema nitachakaa barabarani, nami namwambia bora barabarani kuliko kwenye plastiki. Kuna siku itafika nitakwenda nikute kitanda kitupu, najua, na kujua hakunisaidii kukaa. Ninyi mnaopikia watu wengi, nendeni nyumbani mkampikie mmoja kabla ya kustaafu. Ni kazi ngumu kuliko shule nzima.

Lakini siku ile, kabla hatujanawa, Jesca alichukua kile kipande cha kibuyu akaingia kukwangua chungu. Alikwangua upesi upesi, mtu mwenye haki yake, akatoka na ukoko juu ya kipande cha jani, akaanza kutafuta pa kukaa.

"Jesca," shangazi akaita. "Umemenya?"

"Hapana, mama."

"Lete hapa."

Akaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa wa kahawia, maharage yamejipachika humohumo kama zamani. Akautazama, akang'oa kipande kilichoungua sana akakitupia kuku. Akasogea kidogo mkekani, akapiga piga kwa kiganja pale alipopaacha wazi pembeni yake.

"Ukoko ni wa aliyemenya," akasema. "Njoo."

Nikaenda nikaketi mkekani karibu naye, nikanyoosha miguu, nikaula wote taratibu, na sikuinuka mpaka jua lilipotuhama.